Rangi Tatu na Majina ya Vitu

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika, Washington, yamehifadhi adire, vitambaa vya Wayoruba vilivyotiwa nili. Kiyoruba huhesabiwa kuwa na rangi tatu za msingi: funfun, dudu na pupa, nili iliyokolea huingia katika dudu. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walizipanga lugha kwa hatua za rangi, wakiyatilia shaka majina yatokanayo na vitu. Kwa kipimo hicho Kiswahili kina uhakika wa -eupe, -eusi na -ekundu, mizizi pekee ya rangi ifuatayo ngeli. Lakini kijani cha jani, kijivu cha jivu, manjano ya bizari na zambarau, tunda lenye asili ya Bara Hindi, ni historia ya shamba, meko na bahari. Wayoruba nao wana aró, nili yenyewe: jina la kitu, lililo nje ya hesabu, ndilo lililovipa vitambaa hivyo rangi.