Miaka minne kabla ya maji

Siku hizi mtoto wa Ihanda, wilayani Karagwe, hupelekwa kubatizwa angali mgongoni kwa mama yake. Wakatoliki wa mwanzo wa ukanda huu wa ziwa walisubirishwa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, aliagiza anayetaka ubatizo afundishwe miaka minne.

Agizo hilo halikuwa ukali wa Mzungu. Lavigerie, aliyekuwa msomi wa historia ya Kanisa, alifufua utaratibu wa kale. Katika Roma ya karne ya 3 mkatekumeni, yaani anayejiandaa kubatizwa, alifundishwa miaka mitatu, na kazi yake ikachunguzwa: mchonga sanamu za miungu aliambiwa aache au arudi kwao. Nyuma zaidi, Yohane alipobatiza mtoni Yordani, Wayahudi tayari walikuwa na kawaida ya kujitakasa kwa maji, tena na tena. Kwa Wakristo ikawa mara moja tu, na Paulo akaieleza kuwa ni kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo.

Na ule ubishi wa maji mengi au machache, unaowafanya Walokole na Walutheri wetu watupiane mistari ya Biblia? Didake, kijitabu cha Wakristo wa mwanzo kabisa, kinataka maji yanayotiririka. Yasipopatikana, hata ya moto yanafaa. Yakiwa haba, mimina kichwani mara tatu. Kwangu mimi hoja iliishia hapo.

Miaka minne nayo ilikuwa na mlango wa dharura. Charles Lwanga, mhudumu wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885, siku aliyouawa mkuu wake, Joseph Mukasa. Mwezi Mei mwaka uliofuata, Kabaka Mwanga alipoazimia kuwaua wahudumu wake Wakristo, Lwanga, ambaye hakuwa padri, aliwabatiza mwenyewe wakatekumeni waliokuwa naye, akiwemo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto Namugongo. Kanisa liliutambua ubatizo wao. Penye hatari ya kifo, yeyote anaweza kubatiza, hata mkunga.

Kutoka Buganda mapadre walishuka hadi Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kagera, alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, akiwa mvulana wa miaka 8. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi.