Dharura ya Kodi Isiyokwisha New York

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba jijini New York ilikusudiwa iwe ya muda tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwamisha ujenzi, na wenye nyumba wakapandisha kodi watakavyo. Wapangaji wa Harlem, Bronx na Brownsville waligoma kulipa, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Mwaka 1920 bunge la jimbo likatamka kwamba hali hiyo ni dharura, likawapa mahakimu uwezo wa kukataa kodi ya kukomoa. Sheria ile ilikufa 1929, ikarudi na vita vya pili: mwaka 1943 serikali kuu iliamuru kodi za jiji zirudi kwenye kiwango cha Machi 1 mwaka huo. Tangu hapo udhibiti umebadilika sura mara nyingi, lakini haujakoma.

Mfumo wanaouwania wapangaji wa leo ni wa 1969, ukapanuliwa 1974. Kwa kawaida unahusu jengo lililojengwa kabla ya 1974 lenye nyumba sita au zaidi. Bodi ya watu tisa walioteuliwa na meya hupanga kila mwaka kodi ipande kwa asilimia ngapi. Mpangaji naye ana haki ya kuongezewa mkataba, na kwangu mimi hilo linashinda hata unafuu wa bei.

Wenye nyumba walipata upenyo 1993. Nyumba ikibaki tupu na kodi yake ikafika dola 2,000, ilitoka kwenye udhibiti moja kwa moja. Tangu 1997, kila mpangaji aliyehama alimwachia mwenye nyumba ruhusa ya kupandisha kodi hadi asilimia 20, na ukarabati uliongeza juu yake. Ikawa faida kubwa ni mpangaji aondoke, na wapo waliosukumwa waondoke. Bunge liliziba upenyo huo 2019, wakati maelfu kwa maelfu ya nyumba zimeshatoka.

Zilizobaki ni takriban milioni moja, ila kuipata moja ni shughuli. Kisheria dharura ipo maadamu nyumba tupu za kupanga hazizidi asilimia 5. Mwaka 2023 zilikuwa asilimia 1.4. Wa Dar es Salaam anayelalamikia dalali kwa kodi ya mwezi mmoja ajue kwamba dalali wa New York aliweza kutoza asilimia 15 ya kodi ya mwaka mzima, mpaka Juni 2025 ilipoamriwa kwamba aliyemwajiri ndiye amlipe.

Mwaka huohuo Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa mwenyewe akipanga nyumba ya aina hii mtaa wa Astoria, alishinda umeya kwa ahadi ya kugandisha kodi. Ahadi hiyo inawafaa walioko ndani tayari. Aliye nje akibahatisha nyumba katika jengo la zamani, anaweza baada ya kuhamia kuiomba ofisi ya makazi ya jimbo historia ya kodi yake, na akikuta alizidishiwa, adai arudishiwe.