Tabo na Ulaji wa Mafuta katika Magari ya Dizeli
Tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ilibuniwa na mhandisi Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905, lakini kwa miongo mingi ilitumika zaidi katika meli, treni na malori, huku gari dogo la dizeli likisifiwa kwa kubana mafuta na kulaumiwa kwa uzito wa mwendo. Mercedes-Benz 300SD ya mwaka 1978, iliyouzwa Marekani wakati sheria ilipoanza kuwabana watengenezaji kuhusu wastani wa mafuta yanayotumiwa na magari yao, ilirekebisha kasoro hiyo ya mwendo kwa kutumia tabo. Nafuu kubwa ya mafuta, hata hivyo, haikutokana na tabo peke yake, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Injini za magari ya dizeli ya wakati huo bado zilianza kuchoma dizeli katika chumba kidogo kando ya silinda, ambacho kuta zake zilifyonza joto lililopaswa kusukuma pistoni. Fiat Croma ya 1988 na Audi 100 ya 1989 zilipunguza upotevu huo wa joto kwa kunyunyizia mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na mwaka 1999 Volkswagen Lupo 3L ikamudu kilomita 100 kwa takriban lita 3, ingawa hapo wepesi wa bodi nao ulichangia.