Kulala Ubavu wa Kulia na Tatizo la Kiungulia: Wanazuoni na Madaktari Wamesema Nini?



Ndugu wasomaji, wapo miongoni mwetu wanaoteseka na kiungulia usiku. Mtu akilala tu, asidi ya tumboni humpanda kifuani mpaka kooni, akaamka anakohoa na mdomo mchachu. Akienda kwa daktari huambiwa alalie ubavu wa kushoto. Hapo huingiwa na wasiwasi: je, nitakuwa nimeiacha Sunna?

Suala hili si geni, wanazuoni wetu walilizungumza karne nyingi zilizopita.

SUNNA YENYEWE
Katika Bukhari na Muslim, imepokewa kwa Al-Baraa bin Aazib (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimfundisha kuwa anapokwenda kulala atawadhe kama wudhuu wa Swala, kisha alale kwa ubavu wake wa kulia na asome dua.

IBN AL-QAYYIM WA DAMASCUS
Imam Ibn al-Qayyim (1292–1350) aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake Zad al-Ma'ad. Alieleza kuwa anayelalia kushoto hupata usingizi mzito, na kwamba matabibu walikuwa wakiusifu ulalaji huo kwa raha ya mwili. Ama ubavu wa kulia, usingizi wake ni mwepesi, na mja huamka kwa wepesi kwa ajili ya ibada ya usiku.

Kuhusu chakula, alisema mtu aanze kulia, kisha ageukie kushoto kidogo ili chakula kisagike, halafu arudi kulia. Sababu alizotoa, kama vile ini kulifunika tumbo, ni za elimu ya tiba ya zama zake. La muhimu kwetu ni kwamba mwanachuoni huyu hakuona kugeukia kushoto kuwa ni kuiacha Sunna. Na katika Surat al-Kahf, aya ya 18, Allah (s.w.) ametaja kuwa aliwageuza wale vijana wa pangoni kuliani na kushotoni.

WALIYOGUNDUA MADAKTARI
Mwaka 1935 daktari Asher Winkelstein wa New York alieleza kuwa asidi ya tumbo yaweza kuunguza umio, yaani njia ya chakula. Kuanzia miaka ya 1970 vikapatikana vipimo vya kupima asidi ndani ya umio kwa saa 24.

Mwaka 2022 watafiti wa Amsterdam walichapisha matokeo ya wagonjwa 57 waliopimwa usingizini. Waliolalia kushoto, asidi iliyopanda iliondoka kwa takriban sekunde 35, chali 76, kulia 90. Sababu ni umbile: mfuko wa tumbo umeelekea kushoto. Ukilalia kushoto, asidi hutuama chini ya mlango wa umio. Ukilalia kulia, mlango huo huwa chini na asidi huufikia kwa urahisi.

TUFANYE NINI?
Mwenye kiungulia na aanze kwa ubavu wa kulia, asome dua zake, kisha ageukie kushoto alale. Ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali au vipande vya mbao, na asilale mpaka zipite saa 2 au 3 baada ya kula. Mwezi wa Ramadhani tusile daku tukarudi kitandani papo hapo. Tusubiri Alfajiri, tuswali, tusome Qur'an.

Watoto wachanga wao walazwe chali, hata kama wanacheua. Na mwenye kutapika damu, kushindwa kumeza au kubanwa na kifua awahi hospitali.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Kwa hiyo kutafuta tiba na kufuata Sunna havipingani, alhamdulillah.

Wallahu a'lam.