Amri na Mchezo: Viungo vya Mtoto Shuleni

Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, hawakueleza mkunjaji ni nani, wala anakunja kwa faida ya nani. Swali hilo ndilo kiini cha historia ya mazoezi ya viungo katika shule za msingi za Uingereza, historia iliyoanza kwa sauti ya sajini.

Sheria ya elimu ya mwaka 1870 iliwaingiza madarasani watoto wengi wa maskini, wakaketi wamebanana katika madawati tangu asubuhi. Mwaka 1871 serikali iliruhusu gwaride la wavulana lihesabiwe miongoni mwa masomo. Wakufunzi mara nyingi walikuwa askari, na shabaha ilikuwa utiifu: mtoto ajue kusimama, kugeuka na kunyamaza kwa neno moja.

Njia nyingine ilitoka Uswidi, na aliyeiasisi alikuwa mshairi. Per Henrik Ling alifungua chuo chake cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813, na mwaka 1835 akachaguliwa katika Akademia ya Uswidi, baraza la waandishi wa nchi hiyo. Mazoezi yake yalipangwa kama beti: kila tendo na mwanzo wake, kituo chake na mizani yake. Mengi hayakuhitaji chombo, hivyo yaliweza kufanywa hata kando ya madawati, madirisha yakiwa wazi. Mwaka 1881 Martina Bergman, Mswidi, alikabidhiwa kuyaeneza katika shule za wasichana za London. Hata hivyo, beti hizo nazo zilisomwa na mmoja tu. Mkono wa mtoto haukuinuka mpaka mwalimu atamke.

Kisha vikaja vita vya Afrika Kusini vya mwaka 1899 hadi 1902. Vijana wengi waliojitolea jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili, na taifa likashtuka. Jibu la kwanza, mwaka 1902, lilikuwa mtaala ulioandaliwa kwa mkono wa Wizara ya Vita na kuchotwa katika kitabu cha askari. Walimu na wabunge walipinga, kwani mtoto si askari aliyepunguzwa kimo. Mtaala ule ukaondolewa, na mwingine ukatolewa mwaka 1904. Ule wa mwaka 1909 ulitoka katika idara ya tiba ya shule iliyoongozwa na daktari George Newman. Sajini alikuwa amempisha tabibu, lakini amri ilibaki. Ni mtaala wa mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu, uliofungua mlango mpana zaidi kwa michezo na ngoma, hasa kwa watoto wadogo.

Hapo ndipo palipo uzito wa jambo. Anayefundishwa kwamba kukimbia ni kutii, huacha kukimbia siku filimbi inaponyamaza. Anayekimbia kwa kuwa anacheza kibe au rede hana wa kumwambia aache, ila mama anapomwita magharibi. Mwili ni uleule na jasho ni lilelile, lakini mapenzi hutofautiana.

Gwaride lilisafiri na dola hadi shule za kikoloni za Afrika Mashariki. Baada ya uhuru, shule nyingi za Tanzania ziliupa mwendo wa asubuhi sura yake wenyewe: mchakamchaka. Mmoja aliimba, wengine waliitikia, na miguu ikawa ngoma. Humo amri ilikuwapo bado, na aliyechelewa aliijua fimbo. Lakini wapo watu wazima ambao, wakikumbuka asubuhi zile, hukumbuka kwanza wimbo. Kiitikio kilikuwa chao.

Mwaka 2012, katika shule ya msingi ya St Ninians mjini Stirling, Uskochi, mwalimu mkuu Elaine Wyllie alianza kuwatoa watoto darasani kwa dakika 15 kila siku. Hawakubadili nguo, hawakushindana, hawakupangwa mistari. Kila mmoja alikimbia au kutembea kwa mwendo wake, akizungumza na mwenziwe, kisha akarudi kitabuni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha uwezo wa mwili wa watoto waliofuata mpango huo uliongezeka, na desturi hiyo imekwisha kufika nchi nyingi.

Kati ya sajini wa mwaka 1871 na dakika 15 za Stirling kuna zaidi ya karne. Kilichobadilika zaidi si viungo wala idadi ya hatua, bali mwenye kuhesabu. Shule inayotaka watoto waupende mwendo yapasa kwanza iwaachie waupime wenyewe, kama malenga anavyomwachia mwanafunzi wake kuhesabu mizani kwa vidole vyake.