Presha Si Mgeni: Istilahi ya Shinikizo la Juu la Damu

Mama mkubwa alinyoosha mkono, muuguzi akamfunga mkanda juu kidogo ya kiwiko, mashine ikanguruma ikijaza upepo, kisha ikauachia taratibu. Kioo kikaandika 178 juu na 104 chini.

"Mama, presha yako iko juu sana. Dawa unatumia?"

"Nilikunywa mwanangu, ikashuka, nikaacha. Sasa hivi sina presha. Nikiwa nayo huwa najua, kichwa kinagonga."

Alikuwa amekwenda kwa ajili ya macho tu, presha akapimwa kwa utaratibu wa pale. Akapewa vidonge, akavitia kwenye mkoba, na nyumbani vikakaa juu ya kabati la vyombo. Miezi minne baadaye aliamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki.

Jibu lake kwa muuguzi nimelirudia kichwani mara nyingi. Mama mkubwa hakuwa mjinga wala mkaidi. Alizungumza Kiswahili safi, na Kiswahili hichohicho ndicho kilichomfundisha kwamba presha hupanda na kushuka, kama mafuriko au kama homa, na kwamba kilichoshuka kimeondoka. Kwa hiyo naomba tulitazame neno hili kwa makini, pamoja na wenzake shinikizo, msukumo na kanieneo, maana hapa uchaguzi wa neno unagusa uhai wa mtu.

Presha tumeipata kwa Waingereza, nayo ikazoea haraka. Imeingia katika ngeli ya i-zi bila taabu, na leo hakuna bibi wa kijijini asiyeijua. Tatizo ni kwamba imebeba mizigo mitatu kwa pamoja. Wa kwanza ni wasiwasi: mechi ya watani wa jadi ina presha, mwajiri anampa mtu presha, presha inapanda presha inashuka mpaka filimbi ya mwisho. Wa pili ni kipimo: twende tukapime presha. Wa tatu ni ugonjwa: jirani ana presha. Msikilizaji akiambiwa "una presha" anachagua mwenyewe mzigo wa kupokea, na mara nyingi anapokea ule wa kwanza. Ndiyo maana utasikia mtu akisema presha yake imeletwa na mawazo, na itaondoka mtoto akishafaulu mtihani au mwenye nyumba akishalipwa kodi. Wasiwasi kweli huweza kuinua kipimo kwa muda. Lakini ugonjwa wenyewe hukaa mwilini hata siku za raha, mtu akiwa harusini anacheka.

Ukitaka kuona lugha ilivyofanya vizuri zaidi, tazama sukari. Kila mtu ana sukari katika damu, na asiyekuwa nayo hafiki jioni. Ugonjwa tukauita kisukari. Kiambishi kimoja tu, ki-, kikatenganisha hali ya kawaida na maradhi. Presha haikubahatika hivyo. Mtu asiye na presha kabisa ni maiti, na bado tunasema "sina presha" tukimaanisha ni mzima.

Sasa shinikizo. Kamusi za zamani huliandika pia kwa umbo la shindikizo, na mzizi wake uko karibu na kitenzi shindika, yaani kukamua kwa kubana. Katika miji ya pwani kama Unguja na Lamu palikuwa na vinu vya kushindikia ufuta. Ngamia aliyefungwa macho alizunguka kutwa, mchi mzito ukasaga na kubana mbegu mpaka mafuta yakachuruzika. Hiyo ndiyo picha iliyomo ndani ya shinikizo: kitu kizito kinabana, kilichobanwa kinatoa alichotaka mwenye kinu. Baadaye neno likaingia kwenye siasa, wananchi wakaishinikiza serikali, na katika tiba likawa shinikizo la damu.

Picha hiyo inafaa nusu. Kinu hubana kutoka nje kwenda ndani, ilhali damu husukuma kutoka ndani kwenda nje, ikiegemea kuta za mishipa kila moyo unapopiga. Kwa sababu hiyo wapo waliopendelea msukumo wa damu, na wapo wanaosema mgandamizo. Wataalamu wa fizikia walikwenda mbali zaidi wakaunda kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo inaloangukia. Kwa ufundi wa maneno, kanieneo ni istilahi bora kuliko zote: ukiisikia umeshapata na kanuni yake. Lakini haikutoka darasani. Sijawahi kusikia mgonjwa hata mmoja akilalamikia kanieneo la damu, na sitarajii kusikia. Mashariki mwa Kongo na Lubumbashi, ambako shule na hospitali zilifuata Kifaransa, watu husema tansio. Neno hilo nalo limebeba wasiwasi uleule wa presha, kwa hiyo kosa hili halikuanzia kwetu; limo hata katika jina la kitabibu wanalotumia madaktari wa Ulaya.

Kwangu mimi shinikizo limeshinda katika maandishi na libaki, kwa sharti moja: lisitembee peke yake. Shinikizo la damu ndilo linalofikisha damu kwenye ubongo ukiwa umesimama. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu. Magazeti yakiandika kwamba "shinikizo la damu linaua", yameandika jambo lisilo kweli kwa kuacha neno dogo tu.

Ila hilo neno dogo nalo lina mtego. Muuguzi husoma namba mbili: "ya juu 150, ya chini 95." Mgonjwa anayesikia "ya chini 95" huweza kutoka nje akisema presha yake iko chini. Nimemsikia mzee mmoja akimweleza mwanawe kwamba ana presha mbili, ya kupanda na ya kushuka, zote kwa siku moja, kwa sababu aliambiwa ya juu na ya chini. Neno juu linataja namba iliyoandikwa juu, na papo hapo linataja kipimo kilichozidi. Vitabu vya tiba vina sistoli na diastoli, lakini maneno hayo hayamwambii mzee kitu. Napendekeza tumwambie namba ya moyo ukisukuma na namba ya moyo ukipumzika, kwa sababu ndivyo ilivyo. Moyo ukijibana, damu inakwenda kwa nguvu, hiyo ni namba ya kwanza. Moyo ukijilegeza ili ujae tena, nguvu inapungua bila kwisha, hiyo ni ya pili. Namba ya pili ikiwa kubwa, maana yake mishipa haipati nafuu hata moyo unapopumzika.

Namba zenyewe zina historia ndefu. Mwaka 1733 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jaribio alilomfanyia farasi jike: alipenyeza mrija kwenye mshipa wake mkubwa, akaunganisha na bomba la kioo lililosimama wima, damu ikapanda zaidi ya mita 2. Hakuna binadamu ambaye angekubali kupimwa hivyo. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akaleta mkanda wa kufunga mkononi uliounganishwa na bomba la zebaki, na mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, akaeleza sauti zinazosikika mshipani mkanda unapolegezwa. Mpaka leo, hata pale ambapo zebaki imeshaondolewa, tunahesabu kwa milimita za zebaki. Ukiambiwa 120 kwa 80, ni urefu ambao damu yako ingeinua zebaki. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni ugonjwa pale ambapo siku mbili tofauti namba ya kwanza imefika 140 au zaidi, au ya pili 90 au zaidi. Marekani walishusha mpaka wao mwaka 2017 hadi 130 kwa 80.

Na ugonjwa huu hausemi. Hili ndilo gumu kumfahamisha mtu. Kichwa cha mama mkubwa kilikuwa kinagonga kwa sababu nyingine nyingi, jua, njaa, miwani isiyomfaa, naye akakifanya kipimo chake. Watu walio wengi wenye shinikizo la juu hawasikii chochote kwa miaka. Duniani wako zaidi ya bilioni 1.2, na karibu nusu yao hawajui. Utafiti uliofanyika Ilala, Dar es Salaam, na kijijini katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya waliokuwa na tatizo hili, hakufika mmoja kwa watano aliyekuwa anajua. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, takwimu za vifo kutoka Dar es Salaam, Hai na Morogoro zilionyesha kiharusi kikiua watu wa makamo kwa kiwango kilichozidi cha Uingereza na Wales.

Kiharusi ndicho ndugu wa kwanza wa presha, na jina lake halimtaji ndugu yake hata kidogo. Mshipa wa ubongo umesukumwa miaka kumi, umekuwa mgumu, kisha unaziba au unapasuka. Jirani anaona mtu aliyelala mzima ameamka amepooza upande mmoja, anasema ni upepo mbaya, ni jini, amerushiwa kitu. Saa zile za mwanzo, ambazo hospitali ingeweza kuokoa sehemu ya ubongo, zinapotea njiani kwa mganga. Sisi tulipoteza saa tano tukibishana nyumbani.

Mshtuko wa moyo nao unapotosha kwa namna yake. Mtu husikia mshtuko akafikiri habari mbaya ilimpiga marehemu, kumbe mishipa ya moyo ilianza kuziba zamani. Kwa macho kuna mchanganyiko mwingine kabisa: presha ya macho ni nguvu ya majimaji ndani ya jicho, ina kliniki yake na dawa zake, na mtu aweza kuwa nayo huku damu yake iko sawa. Presha ya damu nayo huharibu jicho, ila hupitia mishipa midogo iliyo nyuma yake. Mgonjwa aliyekwenda kwa ajili ya macho, akiambiwa habari ya presha, huweza kuelewa wanazungumzia macho.

Figo ni habari ya mviringo. Shinikizo la juu huumiza vichujio vyake vidogo. Figo lililoumia hushindwa kutoa chumvi na maji, na humwaga kemikali zinazobana mishipa, shinikizo likazidi. Ugonjwa unakuwa chanzo na matokeo kwa pamoja. Kisukari hupenda kufuatana nalo, na vyote viwili hushambulia mishipa ileile, na ndiyo sababu mwenye kimoja hupimwa na kingine. Chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, chakula chote kikihesabiwa, ni kinga ambayo haihitaji duka la dawa.

Jina linalonihuzunisha kuliko yote ni kifafa cha mimba. Mwanamke hana kifafa. Baada ya wiki ya 20 ya ujauzito shinikizo lake linapanda, mara nyingi protini inaonekana kwenye mkojo, kichwa kinauma, macho yanaona nyota, na asipowahiwa anatupwa na mtukutiko. Jina limeutaja huo mtukutiko wa mwisho na kuficha majuma yote yaliyoutangulia. Familia inasema kwetu hakuna kifafa, au inaona aibu, au inamfunika blanketi na kuita mtu wa kusoma. Zahanati yenye kipima presha inaweza kulijua jambo hili mapema, sindano ya magnesiamu salfeti inazuia mtukutiko, na kuzaa ndiyo tiba yenyewe, ingawa hatari huweza kuendelea siku kadhaa baada ya kujifungua. Nashauri kliniki za wajawazito ziseme presha ya mimba tangu siku ya kwanza, na zieleze kwamba kifafa cha mimba ni mahali presha hiyo inapofikia ikiachwa. Mama akishaunganisha hayo mawili, mkanda wa mkononi hautakuwa tena jambo la kupitisha foleni.

Limebaki neno ambalo ningetamani libadilike kuliko yote, nalo ni imeshuka. Muuguzi humwambia mgonjwa "presha yako imeshuka" kwa furaha na kwa nia njema. Mgonjwa anasikia imekwisha, na vidonge vinapanda juu ya kabati. Ningependa aambiwe: dawa imeishika. Mswahili yeyote anaelewa kwamba kilichoshikwa, mkono ukilegea, kinachomoka. Neno hilo linasema ukweli wa ugonjwa wenyewe, kwamba kwa wengi ni wa kuishi nao, na kwamba namba nzuri leo ni kazi ya kidonge cha jana na cha leo.

Mama mkubwa sasa anatembea kwa fimbo. Maneno yamerudi nusu. "Presha" analitamka vizuri, "shinikizo" linamshinda. Kwenye daftari la shule la mjukuu wake anaandikiwa kila wiki namba mbili, ya moyo ukisukuma na ya moyo ukipumzika. Nawe msomaji, ukipimwa usikubali kuambiwa tu iko juu au iko sawa. Omba uandikiwe namba zote mbili na tarehe, uondoke na karatasi hiyo.