Ubavu Mmoja Uliosalia

Sisi walimu wa historia tumezoea kuwapeleka wanafunzi kwenye makasri na makaburi ya wafalme. Mimi naamini kwamba nyumba ya kulala wageni hufundisha zaidi, kwani humo bwana na mtumishi walipita lango moja. Mfano ninaoupenda ni George Inn, iliyoko Southwark, kusini ya mto Thames, mjini London.

Kwa karne nyingi mji huo ulikuwa na daraja moja tu la kuvukia mto. Msafiri aliyefika usiku kutoka kusini, au aliyetaka kuondoka alfajiri, alilala Southwark. Ndiyo maana nyumba za wageni zilipangana huko bega kwa bega. Moto wa mwaka 1676 uliteketeza sehemu kubwa ya mtaa, na mwaka uliofuata George ikajengwa upya.

Ujenzi wake unajieleza wenyewe. Kutoka barabarani uliingia langoni, ukatokea kwenye ua mrefu uliozungukwa na majengo. Gari la farasi liliingia hapo, likateremsha abiria na mizigo. Farasi waliochoka wakafunguliwa, wengine wakafungwa. Milango ya vyumba vya juu ilifungukia kwenye roshani ndefu za mbao zilizotazama uani. Mgeni aliweza kusikia gari lake likitayarishwa huku bado anavaa viatu.

Kisha reli ikaja. Stesheni ya London Bridge, iliyo hatua chache tu kutoka hapo, ilifunguliwa mwaka 1836, na biashara ya magari ya farasi ikafifia. George ikaangukia mikononi mwa kampuni ya reli, ikageuzwa ghala, na mwaka 1889 sehemu yake kubwa ikabomolewa. Jirani yake Tabard, ambako Chaucer aliwaanzishia safari mahujaji wake, ilikwisha kubomolewa katika miaka ya 1870. Ukasalia ubavu wa kusini, ambao mwaka 1937 kampuni ya reli iliukabidhi kwa National Trust. Hadi leo watu hula na kunywa humo, nayo ndiyo nyumba ya mwisho ya aina yake mjini London yenye roshani hizo.

Vitabu havikuandika majina ya wapagazi na watunza farasi waliokesha katika ua ule. Jengo likibomolewa, ushahidi wao huondoka nalo. Basi ninapoulizwa kuna faida gani kuhifadhi nyumba kuukuu isiyokuwa ya mfalme, hujibu hivi: ya mfalme ina vitabu vya kuisemea, hii ina mbao zake tu.